Naomba Nikulelee

Mtoto wetu alikuwa hanyamazi mpaka asogezwe karibu na friza. Nasema kweli. Nilisimama naye kifuani gereji, pale nyumbani Mansfield, Texas, kati ya gari na mashine ya kukatia majani, mgongo wangu ukigusa ile friza ndefu tuliyonunua kwa ajili ya nyama ya mbuzi. Nyimbo alizikataa. Kubembelezwa alikukataa. Dua za mama yangu kwenye simu alizisikiliza kidogo, kisha akaendelea kulia. Lakini friza ikianza kunguruma alinyamaza palepale, macho wazi, kama anayesikiliza habari za kwao. Mume wangu alicheka, akasema tumezaa fundi wa mafriji. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua alikotoka.

Alitoka kwenye baridi. Mwaka 2017, mwaka ule wa mafuriko ya Houston, madaktari wa Dallas walinitoa mayai, wakayakutanisha na mbegu za mume wangu maabara, na viinitete vilivyopatikana wakavigandisha kwenye tangi. Wa kwanza aliwekwa tumboni kwangu, hakushika. Wa pili alishika, nikambeba wiki chache, kisha akatoka bafuni Jumapili moja wakati mume wangu amekwenda kununua mkate. Huyu alikuwa wa tatu. Maana yake ni kwamba siku zote zile nilizokuwa nachomwa sindano, nakaa mapokezi kwa daktari wa meno huko Arlington nikiwatabasamia wagonjwa, nalia kwenye gari nikitoka kazini, yeye alikuwa tayari yupo mahali, anangoja. Wenzake walitolewa mmoja mmoja na hawakurudi. Daktari alinieleza vizuri kabisa, kwa michoro, kwamba kiinitete hakijui lolote. Sawa. Lakini kaa wewe na mtoto anayetulizwa na mngurumo wa friza, halafu ndiyo uniletee habari za daktari.

Tulikuwa hatujamwambia mtu. Kwetu mtoto hutafutwa kimyakimya. Miaka yote ile nilihudhuria harusi na misiba na futari za Watanzania, na hakukosekana mama mmoja wa kunitazama tumbo akaniuliza kulikoni, na mwingine wa kusema asiye na mwana aeleke jiwe, kisha acheke ionekane ni utani tu. Niliwajibu kwa ukali. Nina mdomo, sikatai. Mama yangu husema siku ya kuzaliwa kwangu mdomo ndio uliotangulia. Basi alipozaliwa, mwishoni mwa mwaka 2018, wakaja walewale na masufuria ya pilau na mtori, wakamzunguka kitandani wakitafuta kafanana na nani. Pua si ya baba. Masikio si ya mama. Mmoja akasema, "Shoga, umefanya kazi bure, huyu kafanana na jirani." Wote wakacheka, mume wangu naye akacheka, na mimi nikasikia baridi inanipanda kutoka miguuni.

Kwa sababu hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza tangu waliponiwekea kifuani. Kwenye lile tangi walikuwamo watoto wa watu wengi. Mtu mmoja tu achoke siku moja, ashike kichupa cha pembeni badala ya cha kwangu, basi. Nilikuwa nangoja simu. Ikiita namba nisiyoijua, nilimchukua mtoto nikaingia naye kwenye kabati la nguo, nikakaa sakafuni kati ya makoti mpaka iache kuita. Nilijua watakuja. Sikujua ni kina nani. Siku nyingine niliwaza ni mume na mke fulani wa mji wa Plano, wenye nyaraka na wakili. Siku nyingine niliwaza ni wale wawili waliotangulia. Mawazoni mwangu niliwaita wote jina moja, wenyewe. Wenyewe watakuja kumchukua mtoto wao.

Kwa hiyo neno "mwanangu" halikunitoka. Nililitafuta, wallahi. Nilifungua kinywa nikiwa namwogesha, peke yetu, maji vuguvugu, hakuna wa kunisikia, na neno likakwama. Nilimwita mgeni. Mgeni kaamka. Mgeni kajinyea. Mume wangu alidhani ni mapenzi ya utani, na yeye akaanza kumwita mgeni, hata akamtungia wimbo. Nilimchukia kidogo kwa ajili ya wimbo ule.

Na mtoto mwenyewe hakunisaidia. Nikimpakata alikuwa hanitazami mimi, alitazama juu ya bega langu, upande wa kabati la viatu. Macho yalifuata kitu polepole kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha yakatulia, kisha akatabasamu. Nikigeuka, hakuna kitu. Zulia, pazia, viatu. Nilimwambia mama yangu kwenye simu, akasema ni malaika, watoto wachanga hucheka na malaika. Nikamuuliza kama malaika wote wa Texas wanakaa kwenye kabati la viatu. Akaniambia nina maneno machafu kwa mtu aliyepewa neema juzi tu. Akabadilisha mazungumzo, akaanza habari za mvua.

Aliyetoboa siri ni mume wangu. Ana shangazi yake Houston, mtaa wa Sharpstown, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mzee mwenye sauti ndogo na msimamo wa chuma. Mume wangu hana uwezo wa kumficha kitu. Alimweleza yote, sindano, maabara, tangi, wale wawili waliotoka. Siku iliyofuata shangazi akanipigia mimi.

"Mkwe," akasema, "mtoto wa kutafutwa kiasi hicho, tena aliyetanguliwa na wawili wakaondoka, hashikwi hivyo mbele ya macho ya kila kitu. Lazima atupwe."

"Atupwe wapi, shangazi?"

"Jaani. Baba wa mumeo alitupwa jaani, kwetu Handeni, na amekufa mzee, na meno yake kinywani."

Akanieleza kwa utaratibu, kama anayenifundisha kupika. Mama aliyepoteza watoto humpeleka mwanawe kwenye takataka, humwacha, huondoka bila kugeuka. Kinachomfuatafuata mtoto kinaona kumbe huyu ni uchafu, hana mwenyewe, hana thamani, kinamwacha. Mpita njia asiye ndugu humwokota. Kisha yule mwokotaji humpa mama amlee, kama unavyomkabidhi yaya mtoto. Akiulizwa, mama anakataa katakata, anasema mtoto si wake, ni wa kulea tu. Mwishoni mwokotaji hutamka, "Nimekupa," na mambo yanaisha.

"Na dini inasemaje?" nikamuuliza, kwa sababu yeye ndiye huwa wa kwanza kutuuliza kama tumeswali.

"Dua nimeshasoma. Hili ni la nyongeza."

Nilimuaga kwa adabu, nikamgeukia mume wangu bila adabu. Nilimwambia sikuchomwa sindano zile zote ili nikatupe mtoto kwenye takataka za Houston. Nilimwambia ukoo wao wote unahitaji kupimwa. Akainamisha kichwa, akasema nimuache mzee wa watu, ni mapenzi tu yanamsumbua. Nikadhani yamekwisha.

Kilichonigeuza ni mchana mmoja, jua kali dirishani, siku isiyo na jambo. Nilikuwa jikoni namenya viazi, kamera ya chumba cha mtoto iko wazi kwenye simu yangu, nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Nikasikia kicheko. Si tabasamu, kicheko cha sauti, na alikuwa bado hajafikia umri wa kucheka hivyo. Nikatazama. Alikuwa amelalia ubavu, mkono mmoja ameupitisha kwenye nondo za kitanda mpaka nje, umenyooka, na vidole amevikunja kama anayeshikana mkono na mtu. Nikakimbia. Nilipofika mkono ulikuwa bado uko vilevile, unatikisika kidogo, juu, chini. Nilipouvuta kuurudisha ndani akalia kilio cha mtu aliyenyang'anywa. Nilimbeba nikaenda naye gereji, nikasimama kwenye friza, na kwa mkono mwingine nikampigia shangazi. Nikamwambia tunakuja.

Tukashuka Houston Jumamosi. Mtoto alilala njia nzima. Mume wangu aliendesha kimya, na alipofungua mdomo ilikuwa kusema kwamba hatumwambii mtu yeyote jambo hili mpaka tunaingia kaburini. Nikamwambia wa kuambiwa hivyo ni yeye.

Sharpstown hakuna jaa. Kuna yale mapipa makubwa ya chuma nyuma ya majengo, wenyewe tunayaita dampsta, yanayonuka joto likipanda, magodoro ya watu yameegemezwa pembeni. Shangazi alikuwa amelifikiria jambo hilo akaliamua. Jaa ni jaa, akasema. Yeye alikuwa akikaa chumba cha chini wakati wa mafuriko, maji yakamkuta kitandani, na tangu hapo aliapa hatalala tena chini, akahamia ghorofani. Chumba chake cha zamani, kikiwa kimepakwa rangi upya, alipewa mama mmoja Mkongo aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Anafanya usafi hotelini. Huyo ndiye aliyechaguliwa na shangazi awe mwokotaji, kwa kuwa si ndugu, si wa kabila letu, na hana maneno mengi.

"Ana watoto?" nikauliza.

"Alikuwa nao," shangazi akasema.

Tulimvisha mtoto fulana kuukuu ya mjukuu wa mtu, tukamlaza kwenye kapu la nguo chafu. Shangazi alitaka nimpeleke mwenyewe. Nikashuka ngazi, nikazunguka jengo, nikaweka kapu kwenye kipande cha boksi kando ya lile pipa. Nzi walikuwepo. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira mbali kidogo, wanapiga kelele kwa Kihispania. Mtoto alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza ninayokumbuka akinitazama mimi, usoni, si nyuma yangu. Nikaondoka bila kugeuka, kama nilivyofundishwa. Mume wangu alikuwa amejificha ndani ya gari upande wa pili wa maegesho. Kanuni ilisema ndugu yeyote asitazame, lakini yeye alitazama, na kwa hilo namshukuru.

Nikakaa kwenye kochi la shangazi. Sikuruhusiwa kwenda dirishani. Baadaye mume wangu akaingia, kijasho kinamtoka, akasema ameokotwa, yule mama kapita na mfuko wa taka, kainama, kasema maneno, kambeba. Shangazi akashukuru Mungu. Tukangoja hatua kwenye ngazi.

Hazikuja. Shangazi akatandika msala akaswali alasiri, akamaliza, akakunja msala, akaketi. Chai ikapoa. Mume wangu akasema alimwona yule mama akiingia kwake na kufunga mlango. Shangazi akasema atamleta, labda anampa maji ya uvuguvugu. Kisha akasema labda kwao utaratibu ni mwingine. Nikaona mikono yake inakunja ncha ya mtandio, inakunjua, inakunja.

"Nita-call polisi," mume wangu akasema.

"Uwaambie nini?" nikamuuliza. "Tumemtupa mtoto kwenye dampsta, aliyemwokota hataki kumrudisha?"

Ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Tulikuwa tumemtoa kweli. Hakuna mtu katika jiji lile zima ambaye tungeweza kwenda kumlalamikia, na wenyewe niliokuwa nikiwangoja miezi yote, nikiwakimbia kabatini, sikuwa nimewafikiria wakiwa na sura ya mama mtu mzima anayekaa ghorofa ya chini. Nilisikia uchungu ambao sikuwa nimeusikia hata siku ya kumzaa. Nikasimama. Shangazi akanishika mkono wa gauni.

"Akikuuliza, kataa," akasema. "Nakuomba, mkwe. Hata iweje, kataa. Kuna wanaosikiliza."

Nikashuka, nikagonga. Mlango ukafunguliwa bila haraka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amemfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, na nyuma yake jikoni sombe, kisamvu cha kwao, inachemka, harufu ya mawese imejaa chumba. Chini ya rangi mpya ya ukuta ulionekana mstari, usawa wa kiuno changu, mahali maji yalipofika. Mtoto amelala, shavu limebanwa kwenye uti wa mgongo wake. Alikuwa amelala bila friza.

"Unatafuta nani, mama?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mutoto gani?"

"Huyo mgongoni."

"Huyu ni wangu," akasema kwa utulivu. "Nilimuokotaka kwa takataka. Kwani ni wako?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Mtu akiigiza, kuna mahali panamsaliti, pembe ya mdomo, jicho. Sikuona kitu. Aliniuliza kama anayetaka kujua. Nami nilikuwa nimeshuka zile ngazi na hasira yangu yote, nimejiandaa kusema nipe mwanangu kabla sijakuvunjia mlango, na neno lile nililolitafuta tangu hospitali safari hii lilikuwa limekuja lenyewe, liko juu ya ulimi, zito, tamu, tayari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema. Niliujua pale, kizingitini. Na nyuma yangu maegesho yalikuwa yamenyamaza. Wale watoto wa mpira walikuwa wameacha kupiga kelele. Sikugeuka kuona kwa nini.

"Si wangu," nikasema.

Mtoto akafumbua macho mgongoni mwa yule mama akanitazama.

"Basi unataka nini?"

"Naomba nikulelee."

Aliingia ndani akapunguza moto wa sombe, akarudi mlangoni.

"Utamunyonyesha?"

"Nitamnyonyesha."

"Utamupenda?"

"Nitampenda."

"Kama wako?"

"Kama wangu," nikasema, na hapo ndipo nilipolia, nimesimama, mikono imening'inia, mbele ya mtu nisiyemjua.

Akafungua kitenge, akamshusha, akamtazama kwa muda, akanipa. Nikangoja aseme lile neno la mwisho, nimekupa. Hakulisema. Alisema, "Bon, sawa. Nitakuwa naulizia habari yake," akafunga mlango.

Shangazi alimfuata siku iliyofuata kumkumbusha. Akajibiwa kwamba yeye alisema mtoto akalelewe, hakusema anampa mtu. Shangazi akarudia kwa upole, na yule mama akamkaribisha chai. Shangazi alinipigia akiwa amefadhaika, akasema pengine kwao Kongo ndivyo ilivyo, pengine ni utani wao, atajaribu tena. Nikamwambia amwache. Mume wangu alifoka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifoka juu ya shangazi yake, akasema tulikwenda kutafuta kinga tukarudi na deni. Lakini mimi nilikuwa nimelala usiku ule mzima, na mtoto naye alikuwa amelala.

Nitasema ukweli, hata kama unanidhalilisha. Niliponywa. Simu zilipoita, sikuingia tena kabatini. Waje wa Plano na wakili wao, ningewaambia poleni, mmechelewa, ana mwenyewe, yuko Houston, mfuateni huko. Kabati la viatu lilinyamaza. Mtoto akaanza kunitazama mimi. Na kumlea nilimlea. Mtoto wako unaweza kumlea ovyo, utasema ni wangu, nitajua mwenyewe, lakini mtoto wa watu utaulizwa. Nilimchemshia viazi nikaviponda mwenyewe. Nilimkata kucha akiwa amelala. Nilimpenda mpaka kifua kiliniuma, kama yaya anayejua kwamba siku yoyote mwenye mtoto atabisha hodi.

Na yule mama aliulizia kweli. Alipata namba yangu kwa shangazi, akapiga. "Mutoto wangu anaendeleaje?" Mara ya kwanza nilimwambia hajambo. Mara ya pili nikamwambia ameota jino. Hakuwahi kuomba kitu, hakuwahi kucheka, hakuwahi kukaa kwenye simu zaidi ya habari ile moja. Mume wangu akisikia alitoka nje akawasha mashine ya majani hata kama majani hayajaota. Alinitaka nimwambie akome. Nilimjibu amwambie yeye. Hakumwambia.

Kisha ukaja mwaka 2020, korona ikaingia, watu wakajifungia majumbani, Houston ikawa mbali kama Handeni. Mtoto alikuwa anatembea, anasema maneno mawili matatu, mengi ya Kiingereza cha katuni. Mchana mmoja alikuwa na homa, homa ya kawaida, nilikuwa nimempa dawa. Alikuwa amesimama sebuleni ameshika kiatu changu. Akakakamaa. Kiatu kikaanguka, na yeye akaanguka, macho yamegeuka meupe, taya limebana, mikono inapiga zulia. Degedege. Nilikuwa nalijua jina lake tangu utoto na sikuwahi kuliona. Mume wangu akapiga simu ya dharura. Mimi nilipiga magoti nikamgeuza ubavu, na lile neno likapanda tena, likafika kwenye meno, nikafunga kinywa nikaliuma. Nilisema lile lingine. Si wangu. Si wangu, jamani, ana mwenyewe, msimguse, ana mwenyewe. Nililisema kwa sauti, nikiwa natazama ukuta uliokuwa nyuma yake.

Wakaja. Walikuwa wawili, wamevaa kutoka utosini hadi miguuni, barakoa, ngao za plastiki, glovu, hakuna uso, hakuna ngozi, macho tu. Walisimama kwenye mlango wangu mchana kweupe bila nyuso, na niliwatambua. Nilijua hawa ni watu wa gari la wagonjwa, sikuwa nimerukwa na akili. Na nilijua pia ndio hao niliokuwa nikiwangoja. Wakamwinua. Alikuwa ameacha kutikisika, amelegea, mdomo umepauka. Mmoja akasema kwa Kiingereza kwamba kwa sababu ya ugonjwa hospitali inaruhusu mtu mmoja tu kuingia na mtoto. Akanigeukia na ile plastiki yake.

"Wewe ndiye mama?"

Mume wangu akafungua mdomo kunijibia. Nikaruka nikauziba kwa kiganja. Nilihisi meno yake.

"Mimi ndiye ninayemlea," nikasema. "Nilikabidhiwa nimlee."

Yale macho yakanitazama, yakamtazama mume wangu, ambaye alikuwa analia juu ya vidole vyangu akitikisa kichwa kukubali, kukubali, kukubali. Sijui yule mtu alielewa nini. Akasema, "Panda."

Hospitali walimwekea mipira ya dripu, wakampima, wakaniambia homa ikipanda haraka watoto wengine hufanya hivyo, mara nyingi hupita, na tusubiri aamke. Nikasubiri. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimemshika mguu juu ya shuka. Wasio na nyuso waliingia na kutoka, na kila mmoja aliyeingia nilimtazama mikono. Nilikuwa nimechoka kuliko siku zote za maisha yangu. Nilitaka kumwambia, mara moja tu, masikioni, kwa kunong'ona, yeye ni nani kwangu. Chumba kilikuwa na mngurumo wa mashine na sikuthubutu.

Jua lilikuwa bado liko dirishani alipofumbua macho. Alitazama dari, akatazama mpira mkononi, akanitazama mimi. Simu yangu ikaita wakati uleule, kabla sijamgusa, kabla sijamwita nesi. Pengine mume wangu alikuwa amempigia shangazi, na shangazi akashuka ngazi kumwambia. Sijamuuliza mpaka leo, na sitamuuliza.

"Mutoto wangu ameamuka?" sauti ikasema.

"Mama," mtoto akaniita kutoka kitandani, kwa sauti iliyokauka, mikono ameninyooshea. "Mama, juice."

Nilimshika mikono yote miwili. Nikaweka simu begani, nikaibana kwa shavu.

"Ameamka," nikamjibu. "Mwanao ameamka. Anataka juisi."